Msingi Haung'olewi: Kosa la Mfasiri Mmoja na Mablanketi ya Isinya

Wengi waliotutangulia katika kurasa za majarida kama hili wamelalamikia uhaba wa istilahi za Kiswahili katika sayansi, sheria na teknolojia. Malalamiko hayo ni ya haki, wala sina nia ya kuyapinga. Makala haya, hata hivyo, yanahusu jambo dogo zaidi, nalo ni karatasi: karatasi inayotiwa chini ya vitambaa ili kuuongoza mshono, kisha ikatolewa. Kwa sababu ya maneno mawili niliyoyachagua mimi, mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili, mablanketi 7 kati ya 12 yaliyoshonwa na akina mama wa Isinya yalirudishwa na mnunuzi. Nakusudia kueleza jinsi kosa hilo lilivyotokea, na pia kudai, bila ya kujivua lawama, kwamba kosa lenyewe linatokana na mazoea ambayo sisi sote katika idara zetu tunayashiriki.

Isinya iko kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Namanga, baada ya Kitengela na kabla ya mji wa Kajiado, penye njia panda ya kuelekea Kiserian. Ni mahali pa upepo na vumbi, na mwezi wa Julai usiku wake una baridi ambayo mgeni haitarajii. Akina mama wa huko wanajulikana kwa kazi ya ushanga, ambayo huwauzia wasafiri na wenye maduka wa Nairobi. Mamangu mdogo ni mmoja wa wanawake 14 waliounda kikundi cha kushona. Mwanzoni mwa mwaka 2023 waliamua kuongeza kazi ya pili juu ya ushanga, yaani mablanketi ya viraka, kwa kuwa mafundi wa nguo wa Kitengela walikuwa wakitupa mabaki ya vitenge kila siku, na cherehani za miguu hazidai umeme.

Hapa nifungue mabano kidogo. Kamusi zetu zinatupa neno "mfarishi" kwa blanketi la aina hiyo. Nililitumia neno hilo kwa fahari katika kichwa cha tafsiri yangu, na mama mmoja akaniuliza kwa upole kama karatasi ile ilikuwa ya kanisani, maana alidhani ni habari za Mfarisayo. Neno mfarishi ni zuri na lina haki ya kuishi. Lakini Isinya watu husema blanketi ya viraka, na makala haya yatafuata wenyeji.

Kikundi kilipata mnunuzi jijini Nairobi aliyetaka mablanketi 12 yenye nakshi ya nyota, akatoa pamoja na kazi hiyo kurasa nne za maelezo kwa Kiingereza. Wanawake wengi wa kikundi wanazungumza Kimaasai nyumbani na Kiswahili sokoni. Kiingereza ni cha wale wachache waliofika sekondari. Mamangu mdogo akaniletea kurasa zile siku ya Jumamosi, akaziweka juu ya meza nilipokuwa nikihariri pendekezo langu la utafiti, akasema: "Wewe si ndiye mwalimu wa Kiswahili? Tufanyie." Nilizifasiri kwa saa mbili. Sikuwahi kushona hata kifungo.

Kwa msomaji asiyeujua ufundi huu, ni vyema aelezwe unavyokwenda, kwa maana bila ya kuuelewa hataona kosa lilipo. Nyota yenye ncha kali ni vigumu kuishona kwa kukata vitambaa na kuviunganisha kwa macho tu. Kwa hiyo nyota huchorwa kwanza juu ya karatasi, na kila sehemu yake hupewa nambari. Kiraka cha kwanza hulazwa upande wa pili wa karatasi, cha pili huwekwa juu yake, karatasi hugeuzwa, na cherehani hupita juu ya mstari uliochorwa, ikitoboa karatasi na vitambaa kwa pamoja. Kiraka kikishashonwa hufunuliwa na kupigwa pasi, ziada hukatwa ikabaki robo inchi, kisha huja kiraka cha tatu, hadi mraba mzima umejaa. Mishono huwa midogo kuliko ya kawaida. Ikiwa nguo ya kila siku hushonwa kwa hatua za milimita 2.5 hivi, hapa fundi hupunguza hadi kama milimita 1.5, ili sindano iitoboe karatasi kwa vitundu vilivyokaribiana na hatimaye karatasi ichanike kwa urahisi. Miraba ikikamilika huunganishwa, na baada ya hapo karatasi zote hutolewa kabla ya kutiwa pamba na bitana.

Wakati wa kuitoa karatasi ndio moyo wa jambo. Ikitolewa mapema, kabla ya mraba kuunganishwa na majirani zake, kingo zilizokatwa mshazari huvutika, kwa sababu nyuzi za kitambaa kilichokatwa mshazari hazina cha kuzizuia; mraba hupoteza umbo na ncha za nyota hazikutani tena. Isipotolewa kabisa, blanketi huwa gumu, huchakarika kila mtu anapojigeuza, na siku ya kwanza ya kufuliwa karatasi hugeuka uji unaojikusanya katika mabonge. Karatasi hiyo, kwa hakika, ina kazi kubwa ya muda mfupi, na mafundi hujadiliana sana kuhusu saa yake ya kuondoka.

Basi Waingereza huiita karatasi hiyo kwa neno lile lile wanaloliita msingi wa nyumba. Nami, kama mfasiri mtiifu, niliandika "karatasi ya msingi". Na palipokuwa na agizo la kuitoa, nikaandika kwa ufupi ambao wakati ule niliuona kuwa sifa: "Ukimaliza kipande, ondoa msingi."

Mablanketi yalipelekwa mwezi wa Juni. Baada ya wiki tatu, 7 yakarudi. Manne yalikuwa na nyota zilizopinda kama zimechorwa na mtoto, na matatu yalikuwa na karatasi ndani. Moja kati ya hayo matatu lilikuwa limefuliwa na mtu aliyelinunua, na sitalisahau lilivyokuwa: juu nakshi ya vitenge inang'aa, chini yake mabonge kama ya uji wa mtama uliopikwa bila kukorogwa. Fedha za mablanketi hayo zilikuwa zimekwisha kupangiwa karo ya muhula wa tatu. Hakuna aliyenikaripia, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Niliomba niketi nao wanieleze walivyoifuata karatasi yangu. Mwanamke mzee kuliko wote katika kikundi, ambaye sote humwita Koko, ndiye aliyeyashona yale matatu. Nilimuuliza kwa nini hakutoa karatasi.

"Mwanangu, uliandika niondoe msingi," akasema. "Mimi nilidhani ni makosa ya mashine. Nani huondoa msingi? Nikauacha."

Nilimwambia, "Koko, ungeniuliza."

"Ningekuulizaje, na wewe ndiye mwalimu?"

Maneno yake yamenikaa, na sehemu kubwa ya makala haya ni jaribio la kuyajibu. Kwanza, Koko alikuwa sahihi kuhusu lugha. Katika Kiswahili msingi ni kitu kinachobaki. Hujengwa kwanza, hufukiwa, na nyumba ikisimama hakuna anayeuona, lakini upo. Tunasema msingi wa hoja, haki za msingi, shule ya msingi, na katika matumizi hayo yote hakuna hata moja ambamo msingi hutolewa jengo likiisha. Kumwambia mtu mwenye Kiswahili timamu aondoe msingi ni kumwambia avunje. Koko aliipima sentensi yangu kwa mizani ya lugha yenyewe, akaiona haina maana, akaikataa. Wahakiki wengi hawana ujasiri huo mbele ya maandishi yaliyopigwa chapa.

Pili, alikuwa sahihi kuhusu ufundi anaoujua. Katika kazi ya ushanga, shanga hushonewa juu ya ngozi, na siku hizi mara nyingi juu ya kipande cha plastiki kilichokatwa kutoka kwa dumu kuukuu. Ngozi hiyo au plastiki hiyo ndiyo inayoupa mkufu umbo, nayo haitoki kamwe. Ukiitoa huna mkufu, una shanga mchangani. Mtu aliyetumia miaka 50 akishonea juu ya kitu kinachobaki, akiambiwa kuwa karatasi ni msingi, ana kila sababu ya kuichukulia kuwa ngozi ya aina mpya. Neno langu lilimpeleka moja kwa moja kwenye tajiriba isiyofaa.

Na wale walioshona manne yaliyopinda? Hao hawakukwama kwenye neno msingi. Walitoa karatasi, ila walitoa mapema, na kosa hilo lilitokana na neno "kipande", ambalo nililitumia ovyo katika kurasa zote nne. Kiraka nilikiita kipande. Mraba wenye nyota nikauita kipande. Blanketi zima nikaliita, mahali fulani, kipande cha kazi. Kila mmoja alichagua maana yake, na waliodhani kuwa kipande ni mraba walikuwa na hoja nzuri kuliko mimi. Mwalimu aliyenifundisha semantiki angeniuliza kama nilikuwa darasani siku ile ya polisemia.

Jambo linaloniuma ni kwamba Kiswahili hakikuwa na upungufu hata kidogo. Fundi yeyote wa nguo kutoka Lamu hadi Kitengela anajua kupiga bandi: mshono mlegevu unaoshikilia nguo kwa muda wakati mshono wa kudumu unaandaliwa, kisha ukafumuliwa. Tuna kitenzi kushikiza, ambacho maana yake ni kukifanya kitu kishike kwa muda bila ya kukifunga moja kwa moja. Karatasi ile ni ya kushikiza. Tuna pia kauli ya kutendua, ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huikariri bila ya kujua utamu wake: bandika na bandua, fuma na fumua, shona na shonoa, chomeka na chomoa. Kitenzi cha kutendua kinambeba msikilizaji kwa kumkumbusha kuwa kinachotolewa ni kile kile kilichowekwa awali. Ningeandika "bandua karatasi", Koko asingefikiria nyumba. Niliandika "ondoa", neno pana kama mbuga ya Athi.

Tena mwambao wetu una mifano ya kitu kinachoongoza kazi na kisha kutoweka. Kofia za mkono za Lamu na Unguja, zile zenye viua vilivyotobolewa na kuzungushiwa uzi, huchorwa kwanza nakshi yake kwa penseli juu ya kitambaa. Sindano huifuata michoro hiyo, na kofia ikikamilika hufuliwa na kutiwa wanga, penseli ikaenda na maji. Hata bara hatukosi. Kwa jinsi majengo yanavyochipuka Kitengela na Isinya, kila mtoto ameziona mbao zinazozungushiwa zege hadi likauke. Mbao hizo huachwa kwa siku kadhaa. Fundi mwenye pupa akizitoa mapema, dari humwangukia. Katika lugha ya mjengoni hakuna hata fundi mmoja aziitaye mbao hizo msingi. Msingi wanaujua, uko chini, na wameulipia.

Baada ya mablanketi kurudi, kikundi kiliketi siku mbili kuyafumua. Nilikuwepo, safari hii nikiwa nimeshika kibano cha nyusi nilichopewa kwa ajili ya kutolea vijikaratasi vilivyonasa kwenye pembe. Hapo ndipo niliposikia istilahi mbili ambazo hazikutoka kwa mtu yeyote wa idara. Karatasi yenye mistari waliiita "karatasi ya njia", kwa sababu sindano huifuata. Na kitendo cha kuitoa walikiita "kuchambua". Walisema "leta nikuchambulie" kama vile wanavyochambua kunde: unashika mshono kwa kidole gumba usilegee, unaikunja karatasi kwenye mstari wa vitundu, unaivuta kwa ubavu na siyo kwa juu, ukianzia na nambari ya mwisho kurudi ya kwanza, kwa kuwa iliyoshonwa mwisho ndiyo inayozikalia nyingine. Ikikaidi, unailowesha kidogo kwa kidole kilichochovywa majini. Yote hayo yamo katika kuchambua, nayo hayamo katika kuondoa. Atakayeona ajabu kwamba kitenzi hicho ndicho tunachokitumia sisi kwa kazi yetu ya kuzisoma riwaya na tenzi, sitamnyima ajabu yake. Nami niliiona.

Nilipowasimulia wenzangu chuoni kisa hiki, baadhi walicheka, na mmoja, ambaye ni hodari katika isimu, akanipinga kwa dhati. Alisema kwamba "karatasi ya njia" ni jina la mtaani la kikundi kimoja, kwamba istilahi haziwezi kuokotwa kila penye mkusanyiko wa watu 14, na kwamba tunavyo vigezo: tangu Kiingi apendekeze vile vinavyojulikana kwa kifupisho cha PEGITOSCA, kila mwanafunzi wa istilahi anajua kuwa neno jipya hupimwa kwa usahihi, uwekevu, uzalishi, uwazi na mengineyo. Alikumbusha pia kuwa mwaka 1992 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kiongozi cha uundaji wa istilahi kilichoandikwa na Tumbo-Masabo na Mwansoko, na kwamba haifai kila mtu kujianzia lake.

Naliheshimu pingamizi hilo. Usanifishaji una sababu zake, na bila ya kazi iliyoanza tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 pengine mimi na yeye tusingeweza kubishana kwa lugha moja. Lakini hebu tulipime neno langu kwa vigezo hivyo hivyo. "Karatasi ya msingi" lina uwekevu sawa na "karatasi ya njia". Kwa umataifa linashinda, kwa maana ni mwangwi wa Kiingereza. Kwa uwazi na usahihi limeshindwa vibaya, na ushahidi ni mablanketi 7. Kuhusu kukubalika, Koko alilikataa siku ya kwanza. Vigezo, kwa hiyo, havikukosekana. Kilichokosekana ni mahali pa kulipimia neno, nami nilikuwa nimelipimia mezani, mbele ya kamusi mbili na kikombe cha chai, pasipokuwa na sindano.

Na hili ndilo dai langu hasa. Tumezoea kuamini kwamba istilahi huzaliwa kwenye warsha na kupelekwa kwa wananchi kama mbegu za msaada. Katika fani za kisasa kabisa huenda hali haina budi kuwa hivyo. Lakini katika ufundi wa mikono, na katika maagizo yoyote ambayo mtu atayafuata kwa vidole vyake, neno halijakamilika hadi mtendaji alijaribu mbele ya mfasiri. Tangu Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya sambamba na Kiingereza. Matokeo yake, maelezo mengi yatafasiriwa, na wengi wa watakaoyafasiri watatoka katika madarasa yetu. Kajiado ni nchi ya mifugo. Mfugaji hununua dawa ya kupe ambayo lazima ichanganywe na maji kwa kipimo. Akikosea kwa upande mmoja kupe hawafi, akikosea kwa upande wa pili ng'ombe hudhurika. Nikijiwazia nikiandika "ukimaliza kipande" kwenye chupa ya dawa hiyo, huona afadhali niache ufasiri nikauze maji.

Sisemi kwamba mfasiri ni mtumwa wa matumizi ya siku ile ile. Mwalimu Nyerere alipoufasiri mchezo wa Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, mwaka 1969, aliuita Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara mmoja akawa mabepari wengi, na kwa neno hilo Nyerere aliitia tamthilia katika siasa za Tanzania ya wakati ule. Unaweza kumkubali au kumpinga, lakini alijua analolifanya na alijua hadhira yake ingesikia nini. Mimi sikujua hadhira yangu ingesikia nini.

Kuna upande mwingine wa kisa hiki unaotuhusu sisi wa fasihi kwa karibu, nao nisipoutaja nitakuwa nimeficha sehemu ya aibu yangu. Kikundi kilipohitaji karatasi za kuchorea nyota, niliwapa shehena ya rasimu za pendekezo langu la utafiti, zilizokuwa zimeandikwa upande mmoja tu. Lilikuwa kosa la tatu, kwani karatasi hizo za gramu 80 ni nzito mno kwa kazi ile, na wino wa printa ukikutana na pasi ya moto hupenda kuhamia kwenye kitambaa. (Sasa wanatumia karatasi nyembamba za kijivujivu, aina ile ambayo shule zilichapia mitihani kwa sitensili.) Basi tulipofumua bitana, ikawa ni maneno yangu yanayotoka: "kwa mujibu wa", "mihimili ya nadharia", na kwenye pembe ya nyota moja, kamili kabisa, kichwa cha sehemu ndogo kisemacho "Msingi wa Nadharia". Mamangu mdogo aliniuliza maana yake. Sikuwa na jibu la haraka.

Nimelifikiria tangu hapo. Katika tasnifu zetu tunaiita nadharia msingi, nasi tunaitendea kama Koko alivyoitendea karatasi: tunaiacha ndani. Katika sura ya kwanza tunaorodhesha mihimili mitano, na katika sura ya nne tunairudia mihimili ile ile juu ya kila mhusika na kila ubeti, hadi msomaji anasikia karatasi ikichakarika kila anapogeuza ukurasa. Sidai kwamba nadharia haifai. Bila ya mistari, nyota yangu ingepinda kama zile nne. Ninachouliza ni kama nadharia ni msingi kweli au ni karatasi ya njia, ambayo kazi yake huonekana katika unyoofu wa mishono baada ya yenyewe kuchambuliwa. Najua walimu wengi watalikataa swali hili, na wengine watasema kuwa bila ya karatasi kuonekana mtahini hawezi kujua kama ilitumika. Pengine. Fundi, hata hivyo, huitambua nyota iliyoshonwa kwa karatasi bila ya kuiona karatasi.

Kwa haki, nikiri kwamba karatasi iliyosahauliwa ndani huweza kuwa neema kwa mwanahistoria. Uingereza kuna tandiko la viraka vya hariri lenye tarehe ya mwaka 1718, ambalo sasa ni mali ya chama cha washonaji cha nchi hiyo, na karatasi zake bado zimo. Watafiti wa viraka vya zamani wamesoma barua na kurasa za vitabu vya hesabu katika karatasi za namna hiyo. Kama baada ya miaka 300 mtu atalifumua blanketi moja la Isinya lililoponyoka, atagundua kwamba katika mwaka 2023 kulikuwa na mwanafunzi aliyepanga kuichunguza taswira ya mwanamke katika tamthilia tatu teule. Simwonei wivu.

Ninachopendekeza ni kidogo, na chama chetu kinaweza kukitenda bila ya kungoja ufadhili. Wanafunzi wa Kiswahili hutawanyika wakati wa likizo hadi Voi, Busia, Isiolo na kwingineko, na kila mmoja ana jirani mwenye ufundi: msusi wa mikeka, mrina asali, fundi wa baiskeli, mpika mandazi. Kila mmoja angerudi na maneno 20 ya ufundi mmoja, yaliyosikika kazini na siyo katika mahojiano ya kiti na daftari, pamoja na maelezo ya kila neno linamfanya mtu atende nini kwa mkono. Jarida hili lingeyatengea kurasa mbili katika kila toleo. Mengine yatakuwa ya mtaani, mengine yatagongana, na wataalamu wa usanifishaji watakuwa na cha kupepeta badala ya kubuni kutoka hewani. Na katika somo la tafsiri, mwanafunzi apewe angalau zoezi moja ambalo tafsiri yake itafuatwa na mtu asiyemjua, mbele yake, naye akatazwe kufungua kinywa. Ningefeli zoezi hilo, lakini ningefeli kwa alama za darasani na siyo kwa karo ya watoto wa watu.

Kikundi cha Isinya kimekwisha kuyashona upya mablanketi matano kati ya 7. Mawili hayakuweza kuokolewa, na moja ya hayo mawili, lile lililofuliwa, ninalo mimi kwa gharama yangu. Kurasa zangu nne zimeondolewa ukutani. Mahali pake pana ukurasa mmoja walioutunga wenyewe, wakanipa niuandike kwa mwandiko safi tu. Mstari wake wa mwisho unasema: "Nyota zikishashikana zote, chambua karatasi ya njia." Koko aliniamuru niusome kwa sauti mara mbili, kisha akauliza kama nimeelewa.